Shingo ya Nestori na Uzi Wangu wa Shanga

Walisema sitaweza. Aliyelisema vizuri kuliko wote ni Mzee Gwimo wa Rungwe Mpya, kwa hiyo nitaanza naye. Tulikuwa uani kwake watu wengi tukipura maharage, nami nilikuwa nimekuja kuaga, begi langu la safari ya chuoni Moshi likiwa begani na mvi za kwanza zikiwa kichwani. Mzee akaegemea fimbo yake ya kupuria, akasema, "Mtoto wa Bihemo akirudi hapa na cheti cha kutibu macho, mimi nitaota meno mapya."

Watu wakacheka mpaka maharage yakaachwa. Mzee mwenyewe alikuwa amebakiwa na meno machache, na hayo machache yalikuwa hayasalimiani.

Wengine nao walitia neno. Shemeji yangu alisema nitarudi na koti. Jirani akasema nitarudi na redio. Mwalimu wangu wa darasa la saba, ambaye angepaswa kunitetea, alisema sitarudi kabisa.

Nilirudi mwaka 2012. Sikuwa na koti wala redio. Nilikuwa na stashahada ya optometria, yaani upimaji wa macho, yenye mhuri, na jina langu limeandikwa kwa herufi za kupinda kama mizabibu. Nilikodi chumba Kasulu mjini, nikaitundika ukutani kabla sijatundika pazia. Siku mbili nzima wapita njia walikuwa wakiona stashahada yangu na mimi nikibadilisha shati.

Ninyi vijana mnaosomea macho siku hizi, mnaotoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuoni na kompyuta mgongoni, nawapenda na nawaheshimu. Lakini mjue kwamba mimi niliingia taaluma hii kwa mlango wa jikoni. Kabla ya chuo nilikuwa mkata majani kwenye kliniki ya macho hukohuko Moshi. Kutoka majani nikapandishwa kuosha lenzi, na kutoka lenzi nikapandishwa kuita majina ya wagonjwa. Jioni nilisoma masomo ya sekondari pamoja na watoto wa umri wa mwanangu, na mtihani wa fizikia niliwashinda. Sijisifu. Naeleza tu ilivyokuwa, na ilikuwa hivyo.

Aliyenisukuma ni muuguzi mzee wa kliniki ile, Sista Agripina, mwanamke mfupi aliyetembea kama anachelewa mazishi. Siku moja alinikuta nimesimama na ndoo, nikimtazama mgonjwa. Akaniuliza, "Unatazama nini?" Nikamwambia kwamba yule bwana anageuza kichwa kizima badala ya kugeuza macho. Sista akamtazama yule bwana, kisha akasema, "Weka ndoo chini." Tangu siku hiyo alinifundisha. Neno lake kubwa lilikuwa hili: kabla hujaliuliza jicho, tazama shingo. Liwekeni mahali pazuri, nitalirudia.

Sasa nieleze habari ya kukopa, maana chumba kilikuwa na stashahada na mimi tu. Sikukopa fedha. Anayekukopesha fedha anataka riba, lakini anayekuazima kitu anataka kukucheka tu, na kicheko nilikuwa nakimudu tangu siku ya maharage.

Sista Agripina aliniazima sanduku la prizimu, yaani vile vipande vya kioo na plastiki vinavyohamisha taswira ya kitu kutoka mahali pake. Akaniambia, "Nimekuazima, sijakupa. Tofauti unaijua?"

Mzee Salumu, mwenye duka la vitambaa mtaani kwetu, mtu wa asili ya Pangani mwenye maneno laini kama kanzu zake, aliniazima kioo kikubwa cha kujitazamia. Nilikihitaji kwa sababu chumba kilikuwa kifupi. Chati ya kupimia macho inataka mgonjwa akae mbali, na mimi ningemkalisha mbali angekuwa barabarani. Kwa hiyo unatundika chati nyuma ya kichwa cha mgonjwa, unaweka kioo mbele yake, naye anaisoma ndani ya kioo. Umbali unakuwa mara mbili bila kubomoa ukuta. Hamkufundishwa hilo kwa sababu vyuo vyenu vina vyumba virefu.

Na benchi la kungojea aliniazima Mzee Gwimo mwenyewe. Alilileta kwa mkokoteni kutoka Rungwe Mpya, mbao ngumu, la watu wanne wembamba. "Chukua, mtoto wa Bihemo," akasema. "Watu wakae vizuri wakikungoja ushindwe."

Haya, kazi. Wengi wenu mnadhani mtaalamu wa macho anauza miwani. Milima yetu hii inaangusha watu. Pikipiki zinaangusha, michikichi inaangusha, miti ya mizinga ya nyuki ndiyo usiseme. Mtu anaanguka, kichwa kinatikisika, hospitali wanamshona, wanampiga picha, wanamwambia fuvu zima, nenda nyumbani. Na kweli fuvu ni zima. Ila akifungua Biblia mistari inatembea. Akitazama saa ya ukutani zinakuwa mbili. Akisoma kidogo kichwa kinamgonga. Nyumbani wanasema anajidekeza, au amerogwa, au vyote viwili.

Niliwaeleza wagonjwa wangu hivi. Macho mawili ni kama watu wawili waliobeba machela mlimani. Kila mmoja anaweza kuwa na miguu mizima kabisa, lakini wasipopiga hatua pamoja mgonjwa anamwagika. Kichwa kikitikisika, mmoja anasahau hatua. Mazoezi ya macho ni kuwafundisha tena kwenda pamoja. Hayamtii mtu nguvu mpya, yanarudisha mwendo.

Na kabla hujamfundisha mtu mwendo, hakikisha machela haiungui. Mtu aliyeanguka karibuni, anatapika, anasinzia hovyo, mboni moja kubwa kuliko nyingine, huyo si wako. Huyo anakwenda hospitali kubwa saa hiyohiyo, na wewe mwenyewe unatafuta gari. Usimwonyeshe hata penseli. Hapa sitanii.

Chombo changu kikuu kilikuwa uzi wa shanga. Ni uzi mrefu, wenye shanga tatu kubwa, nyekundu, ya njano na ya kijani. Ncha moja unafunga kwenye kitasa cha mlango, nyingine unashika puani. Unatazama ushanga wa karibu, halafu wa kati, halafu wa mbali. Macho yakishirikiana, utaona uzi umekuwa nyuzi mbili zinazokutana pale pale penye ushanga unaoutazama, kama herufi X. Nyuzi zisipokutana hapo, au ukiona uzi mmoja tu, kuna jicho linalotoroka kazi.

Uzi huo ulikaribia kunifukuzisha Kibondo.

Nilikuwa nikienda Kibondo kila mwezi kuhudumia watu, na huko nilimpata mwalimu mmoja aliyehamishiwa kutoka Mbeya, Mwalimu Tumaini. Kengele ya shule, ile rimu ya gari inayoning'inizwa mtini, ilikatika ikamwangukia. Akapona jeraha, lakini hakuweza tena kusahihisha madaftari, maneno yaligawanyika. Nikampa uzi wa shanga, nikamwelekeza, nikaondoka zangu Kasulu nikijipongeza.

Mwezi uliofuata nikarudi. Nikakuta chumvi imemwagwa kizingitini, uzi umechomwa moto, na mwenye nyumba wake, Mama Editha, amekaa mlangoni na majirani zake wawili.

"Wewe ndiye uliyemletea?" akaniuliza.

"Nimemletea nini, mama?"

"Kila asubuhi na jioni anafunga kamba mlangoni kwangu. Anaivuta puani. Macho yanakutana katikati ya uso. Kisha anasema nyekundu, njano, kijani. Sasa wewe msomi niambie, hiyo ni sala ya dini gani?"

Mwalimu Tumaini alikuwa dirishani, ameshika kichwa, sijui kwa maumivu au kwa aibu.

Stashahada ilikuwa Kasulu ukutani, haikuweza kunisaidia. Nikatoa uzi mwingine mfukoni, nikafunga kitasani, nikampa Mama Editha ncha. Akakataa. Nikamwambia kama ni uchawi utanirudia mimi niliyeufunga. Hapo akakubali, maana hilo lilikuwa jambo la kupendeza. Akashika puani, akatazama ushanga wa kati.

Akapepesa macho. Halafu akasema taratibu, "Kamba zimekuwa mbili."

"Zinakutana wapi?"

"Hapo kwenye njano."

"Basi macho yako ni mazima kuliko ya watu wengi mtaa huu."

Mama Editha akamgeukia jirani yake. "Njoo wewe. Wewe ambaye kila siku unadai mume wangu anakukonyeza, njoo tuone macho yako." Ikawa foleni. Mwalimu Tumaini alipata uzi mpya, na tangu siku hiyo Mama Editha ndiye aliyemsimamia mazoezi, tena kwa ukali. Baadaye mwalimu akawa anasahihisha madaftari kama zamani, na wanafunzi wake hawakunishukuru.

Kwa hiyo kanuni: usimpe mgonjwa zoezi la nyumbani kabla nyumba nzima haijalijaribu. Kitabuni haimo. Inatoka Kibondo, kwenye chumvi.

Nakuja sasa kwa Nestori, ambaye ndiye sababu ya kuandika yote haya.

Nestori alikuwa dereva wa bodaboda Kasulu, na shingo yake ilikuwa inajulikana. Aliendesha ameinua kidevu kama anatafuta mnara wa simu. Hata akiwa chini alisimama hivyo hivyo. Sasa kwetu Uha kijana akimsalimia mzee anainama, anatoa mikono miwili, macho yanatazama chini. Nestori alikuwa akitoa mikono, ila shingo haikuambiwa. Alikuwa akimpenda Anjelina, binti wa Mzee Gwimo, naye Anjelina alimpenda. Alipokwenda Rungwe Mpya kujitambulisha, Mzee alimtazama kutoka viatuni hadi kidevuni, akasema, "Binti yangu haolewi na mlingoti." Mambo yakaishia hapo.

Mwaka 2014 mbuzi mmoja alivuka barabara kwenye mteremko wa kwenda Makere. Mbuzi hakuumia. Nestori alikuwa na helmeti, ila aliivaa kwenye kiwiko. Akalazwa, akashonwa, akapigwa picha, akaambiwa fuvu zima.

Baada ya hapo Kasulu nzima ikaanza kusema kwamba ajali imemfunza adabu. Nestori alikuwa anatembea kidevu kifuani, kichwa kimelalia upande kidogo, kama mtu anayesikiliza ushauri. Akisalimia, anakutazama kutoka chini ya nyusi. Wazee wakafurahi. Akarudi Rungwe Mpya na shingo hiyo, na Mzee Gwimo alipomwona amesimama uani ameinama hivyo, hakuamini. Akamwita mkewe atoke aone. Akasema mshenga anaweza kuja, na mambo ya mahari yatazungumzwa maharage ya msimu ujao yakishavunwa.

Kwangu alikuja kwa shida nyingine. Alikaa kwenye benchi la mkwe wake mtarajiwa, bila kujua ni lake, akangoja zamu.

"Dokta, siwezi kuendesha. Kwenye mteremko naona barabara mbili."

"Kando kwa kando?"

"Moja juu, nyingine chini. Juzi nikafuata ya juu. Kumbe ya juu haipo."

Nikamwambia anyooshe kichwa atazame ukutani. "Unaona stashahada ngapi?"

"Mbili. Moja juu ya nyingine. Ya chini imeegemea, kama imelewa."

Nilitamani iwe kweli. Nikamziba jicho moja, ikawa moja. Nikalizibua, zikawa mbili. Akirudisha kidevu kifuani na kulaza kichwa, zinaungana. Hapo Sista Agripina alinijia akilini waziwazi, pamoja na ile ndoo: tazama shingo. Tena alinifundisha kuomba picha ya zamani, ili ujue kama shingo ilizaliwa hivyo au imekuja juzi. Nestori akatoa pochi. Ndani kulikuwa na picha yake ameegemea pikipiki, kidevu mawinguni.

Basi nikaelewa. Kuna mshipa mwembamba wa fahamu unaoendesha msuli mmoja wa jicho, ule unaosaidia kutazama chini. Kichwa kikitikisika, mshipa huo ni mwepesi kuumia. Mgonjwa bila kufikiri anatafuta mkao ambao picha mbili zinaungana, na mkao huo ni kuinamisha kidevu na kulaza kichwa. Heshima yote ile iliyowafurahisha wazee wa Rungwe Mpya ilikuwa inatoka kwenye msuli mmoja mlegevu.

Nikamweleza. Nikamwambia mshipa unaweza kupona wenyewe kwa miezi, na wakati huo mimi nitamwekea prizimu kwenye miwani na kumpa mazoezi, ili macho yasisahau kushirikiana. Nikamwambia pia kwamba asipofanya, macho yanaweza kuzoea uvivu huo, na pikipiki ndiyo basi. Pikipiki ilikuwa ndiyo chakula chake na cha mama yake.

Nestori akauliza, "Nikipona, kichwa kitanyooka?"

"Kitanyooka."

"Chote?"

"Ulitaka kinyooke nusu?"

Akatazama sakafu, kwa adabu. "Basi twende polepole, Dokta."

Nilimwona kijana mwenye busara. Nikampa uzi, nikamfundisha kuunganisha nuru mbili za tochi kuwa moja, kwanza juu ambako ni rahisi, kisha kushuka kidogo kidogo kama mtu anayeshuka ngazi akishika ukuta. Nikamwambia akirudi ataona stashahada moja.

Akarudi, akaona mbili. Akarudi tena, mbili. Nilipima upya, nikabadilisha prizimu, nikasoma madaftari yangu ya chuo. Mtaani walianza kunong'ona. Mzee Salumu aliniuliza kwa upole wake kama kioo chake kinapata vumbi. Nilikuwa sijashindwa na mgonjwa wa aina hii, na sikuwa nimepanga kuanza na bodaboda.

Siku moja akaja na Anjelina. Binti huyo alikuwa mdogo wa mwili, mwenye sauti isiyopanda, ambayo ndiyo sauti ya kuogopwa. Nikamuuliza Nestori, "Mazoezi vipi?"

"Nafanya, Dokta."

Anjelina akasema, "Uzi ameanikia soksi."

Nikamgeukia Nestori.

"Shanga anazitumia kuzuia soksi zisiteleze," akaendelea. "Dokta, mimi nimeshuhudia."

Nestori akafunika uso. "Dokta, nielewe. Nikinyooka kabla ya mahari nimekwisha. Yule mzee ameipenda hii shingo. Mimi mwenyewe hanijui."

"Na wewe binti unasemaje?" nikauliza.

"Mimi nilimpenda na shingo ya kwanza. Hii ya pili ni ya baba." Kisha akamgeukia. "Utanilisha na nini? Utakaa nyumbani umeinama, watu wanakusifu? Mimi nataka mume anayeona barabara moja."

Niliwaambia wamweleze Mzee ukweli. Wote wawili wakatazama stashahada yangu, mmoja akiona moja, mwingine mbili. Nestori akaniomba nimweleze mimi. Hapo vijana sikilizeni. Nilikuwa namfahamu Mzee Gwimo tangu utoto, na benchi lake lilikuwa mlangoni kwangu, na ningepata raha isiyosemeka kumwambia kwamba alichokiita adabu ni ugonjwa. Nikameza. Habari ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Mimi sikuwa mshenga.

Anjelina akachukua uzi, akaufua. Kuanzia hapo alimsimamia nyumbani kwa dada yake hapa mjini, asubuhi na jioni. Alipoona Nestori anazembea alikuwa anasema tu, "Soksi." Mambo yakaenda. Ile stashahada ya chini ikaacha kulewa, kisha ikaanza kupanda kuelekea nyingine. Nikapunguza prizimu. Muda ulifanya nusu ya kazi, nakiri. Nusu nyingine niliifanya mimi, pamoja na Anjelina, lakini hasa mimi.

Asubuhi moja akakaa, kichwa wima, bila miwani. "Ngapi?"

"Moja."

"Tazama vizuri."

"Moja tu, Dokta. Pole."

Lakini maharage yalikuwa bado shambani, na hapa ndipo palipochekesha. Mtu mzima wa afya akawa anakwenda Rungwe Mpya kila wiki ameinama kwa makusudi, kidevu kifuani, kichwa upande, mpaka akaanza kuja kwangu kulalamika shingo inauma. Nikamwambia shingo si idara yangu.

Mwaka 2015 nilihamia chumba kirefu, changu mwenyewe, nilichokijenga nyuma ya soko. Nilikuwa na prizimu zangu. Seremala alinitengenezea mabenchi. Nikaamua kurudisha kila kitu kwa kila mtu, siku moja, mchana kweupe, watu waone. Na niliyemwita anibebee ni Nestori, maana hakuna bodaboda mwingine aliyekubali kubeba benchi la watu wanne.

Tulianza stendi. Sanduku la prizimu nikalikabidhi kwa kondakta wa basi la Moshi, pamoja na chupa ya asali ya Kibondo. Nilimpigia Sista Agripina simu kumwambia kwamba mali yake inakuja, hakuna hata moja iliyopotea. Akasema, "Prizimu gani?" Alikuwa amesahau. Ikanilazimu nimkumbushe kwa urefu. Mwishoni akauliza, "Shingo unatazama bado?" Nikamwambia hata sasa natazama moja, imenipa mgongo, inangoja safari.

Kutoka hapo tukapeleka kioo kwa Mzee Salumu. Alikifuta kwa kanga, akajitazama, akarekebisha kofia. "Kioo kimezoea wagonjwa hiki. Wateja wangu wasije wakajiona wawili."

"Wakijiona wawili, watanunua kitambaa mara mbili."

Akacheka, akasema hakuwahi kudhani kioo kitarudi. Nilimwambia najua, ndiyo sababu nimekirudisha mchana.

Likabaki benchi. Tukalifunga kwa mipira, limekaa mkingamo nyuma ya pikipiki, miguu juu, nami nimekaa katikati ya miguu hiyo kama mgombea. Tukatoka mjini. Nestori alikuwa amevaa helmeti, kichwani.

Mwisho wa safari kuna mteremko mrefu unaoshukia Rungwe Mpya, mwekundu, wenye makorongo ya mvua pande mbili. Ukiwa juu unaona ua wa Mzee Gwimo, na aliye uani anakuona wewe. Mzee alikuwa amesimama nje, amekinga macho kwa kiganja. Maharage yalikuwa yamevunwa, yamelundikwa nyuma yake. Mshenga alikuwa aje wiki ile.

Nestori akasimamisha pikipiki.

"Ananiona," akasema.

"Anakuona."

"Dokta, nikiinama siwezi kushuka hapa na mzigo huu. Tutaingia korongoni."

"Nami ndimi mzigo."

"Nikishuka kichwa juu, ataona."

Nilikuwa nimeshafanya yangu, barabara ilikuwa moja. Ya kuamua yalikuwa yake. Akakaa kidogo, injini ikitetemesha benchi na mimi juu yake. Kisha akainua kidevu. Akakiinua kama zamani, mawinguni kabisa, macho yakashuka yenyewe kutafuta njia, na tukateremka. Alilikwepa kila korongo. Nimepanda magari mengi ya kifahari ya wageni wa serikali, sijawahi kubebwa vizuri namna ile.

Akazima injini uani. Mzee Gwimo akashusha kiganja. Anjelina alitoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

Nestori akavua helmeti. Akatembea wima mpaka mbele ya Mzee, halafu akainama, mikono miwili, chini kuliko nilivyowahi kumwona. "Mwiriwe, Baba," akamsalimia kwa lugha ya kwetu.

Mzee hakuipokea mikono. "Shingo imekuwaje?"

"Imepona. Ile nyingine ilikuwa ugonjwa, Baba. Nilikuwa naona vitu viwili. Nilipopona nikaogopa kukwambia, nikawa naigiza."

"Wewe binti ulijua?"

"Nilijua," Anjelina akasema. "Mimi ndiye niliyemponyesha."

Nilitaka kusahihisha, nikaona si wakati wake.

Mzee akanitazama. "Na wewe ulijua, mtoto wa Bihemo. Ukakaa na benchi langu, ukanyamaza."

"Siri za wagonjwa huwa sizitoi, Mzee. Hata yako nisingeitoa."

Akalizunguka benchi, akaligonga, akajaribu miguu yake, akakaa. Akamwita Nestori asimame mbele. "Nyoosha kichwa." Akanyoosha. "Inama." Akainama. "Nyoosha." Akanyoosha. "Inama tena." Mara hii Nestori alitabasamu, na Mzee akaona.

"Haya," akasema. "Miezi yote ile nilikuwa nasalimiwa na mbuzi wa Makere. Leo ndiyo mara ya kwanza wewe kunisalimia." Akaipokea mikono yake. "Mwambie mshenga asichelewe. Na wewe binti, rudi jikoni, mwiko hauchambui maharage."

Akasogea kwenye benchi, akanipisha. Nilikaa. Nilikuwa sidaiwi kitu na mtu yeyote, Kasulu wala Moshi, na nilitaka raha hiyo isipite bila kuguswa. Kwa hiyo nikamwangalia kinywani.

"Mzee, cheti nilirudi nacho tangu mwaka ule, stashahada nzima. Meno mapya yako wapi?"

Akapitisha ulimi kwenye mapengo, akafikiri. "Moja tu haitoshi kuotesha meno. Ulete ya pili."

"Ya pili ipo," nikamwambia. "Muulize mkweo. Aliiona kwa macho yake."